Historia ya Wayahudi wa Kaifeng ihifadhiwe wapi, na kwa mkono wa nani?

Chipukizi anauliza:

Kwa wote wanaofuatilia historia ya Asia, salamu na heshima. Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikikusanya maelezo kuhusu Wayahudi walioishi miongoni mwa Wachina. Nia yangu ni kuandika makala ndefu kwa Kiswahili, kwa ajili ya msomaji asiyejua Kichina wala Kiebrania, ambaye huenda hajawahi kusikia kwamba mji wa Kaifeng, katika jimbo la Henan, uliwahi kuwa na sinagogi tangu enzi za wafalme wa Song (kati ya karne ya 10 na ya 13). Nilipoanza nilidhani kazi ingekuwa nyepesi, kwa kuwa jumuiya yenyewe ilikuwa ndogo na ilikaa mahali pamoja kwa karne nyingi. Sasa nimekwama.

Lililonikwamisha ni hili. Jumuiya hiyo iliacha maandishi ya Kichina yaliyochongwa kwenye mawe katika miaka ya 1489, 1512, 1663 na 1679, na humo ndimo walimosimulia wenyewe habari za asili yao. Lakini maandishi hayo hayapatani. Yale ya 1489 yanasema mababu waliingia China wakati wa nasaba ya Song, wakiwa wamebeba kitambaa cha nchi za magharibi kama zawadi kwa mfalme, na kwamba sinagogi lilijengwa mwaka 1163. Yale ya 1512 yanarudisha kuwasili kwao hadi nasaba ya Han, karne nyingi kabla ya Song. Yale ya 1663 yanakwenda mbali zaidi, hadi nasaba ya Zhou, kabla ya kuzaliwa kwa Kristo. Kadiri miaka ilivyosonga mbele, ndivyo asili ilivyosogezwa nyuma. Je, anayetaka kuhifadhi historia hii ashike simulizi lipi?

Kuna jambo la pili linaloniumiza zaidi. Nikilitafuta gombo la Taurati la Kaifeng nalikuta London, hati za sala nazikuta Cincinnati, vifaa vingine navikuta Toronto, na katika Kaifeng yenyewe sinagogi halijaonekana tangu katikati ya karne ya 19. Inawezekanaje kusema kwamba historia ya watu imehifadhiwa, ilhali kila kipande chake kiko katika nchi ya mbali na wazao wao wangali wanaishi pale pale walipozikwa mababu zao? Naomba mwenye ujuzi anielekeze.

Mwalimu Mstaafu anajibu:

Ndugu Chipukizi, swali lako la kwanza limewasumbua wengi kabla yako, na kosa ambalo baadhi yao walilifanya ni kutaka kuyasahihisha mawe. Usiyasahihishe. Kila jiwe lihifadhi kama lilivyo, pamoja na mwaka wake na sababu ya kuchongwa kwake, kwa sababu jiwe la 1489 linatuambia kwa hakika watu wa 1489 walitaka kueleweka vipi na majirani zao, hata pale linapotueleza kwa mashaka habari za kale.

Mafuriko ya mwaka 1461 yaliliharibu sinagogi, nao wakalijenga upya. Jiwe la 1489 lilisimamishwa baada ya ujenzi huo. Maneno yake ni ya msomi wa Kichina kwa wasomi wa Kichina. Mungu anatajwa kwa jina la Mbingu, kama ambavyo mfuasi yeyote wa Konfusio, mwanafalsafa wa kale wa China, angeandika. Ibrahimu anaelezwa kuwa ni kizazi cha 19 kutoka kwa Adamu, na jina la Adamu limeunganishwa na la Pangu, ambaye katika masimulizi ya Wachina ndiye aliyekuwapo mwanzo wa ulimwengu. Mtu anaweza kuisoma sentensi hiyo akasema kwamba dini ilikuwa imechafuka. Mimi naisoma tofauti kabisa: naona mtu aliyeyajua mapokeo mawili kwa undani, akatafuta mahali ambapo yangeweza kusimama pamoja bila mojawapo kuaibika.

Jiwe hilo hilo linasimulia kwamba mfalme aliwapokea mababu na kuwaagiza washike desturi za wazee wao na kuzirithisha hapo Bianliang, ambalo ni jina la kale la Kaifeng. Kaifeng ilikuwa mji mkuu wa Song ya Kaskazini hadi mwaka 1127. Mji mkuu huvuta wafanyabiashara, na ndiyo sababu watafiti wengi wanaiona enzi ya Song kuwa ndiyo yenye uwezekano mkubwa kwa jumuiya hii hasa. Hata hivyo, kuwapo kwa Wayahudi mmoja mmoja katika nchi hizo ni kwa zamani zaidi. Mwaka 1901 mwanaakiolojia Aurel Stein aliipata, huko Dandan Uiliq katika jangwa la Taklamakan, barua ya kibiashara ya karne ya 8 iliyoandikwa kwa lugha ya Kiajemi lakini kwa herufi za Kiebrania, tena juu ya karatasi. Barua hiyo iko London. Barua nyingine ya aina hiyo hiyo imo katika Maktaba ya Taifa ya China mjini Beijing. Miaka michache baada ya Stein, msomi Mfaransa Paul Pelliot alipata ukurasa wa sala za Kiebrania miongoni mwa hati za mapango ya Dunhuang. Kwa hiyo mchongaji wa 1512 hakuwa mwongo. Huenda alikuwa na kumbukumbu hafifu ya wasafiri waliotangulia, akaifanya kuwa historia ya ukoo wake, na katika nchi ambayo ukale wa nasaba ni heshima, jambo hilo si la kushangaza.

Usiache pia habari za mwaka 1642. Waasi wa Li Zicheng walikuwa wameuzingira mji, kingo za Mto Huang He zikabomolewa, maji yakaufunika mji na kuua watu kwa maelfu mengi. Sinagogi lilianguka na magombo yakasombwa. Manusura waliyaokoa yale waliyoweza kuyapata majini na kuyatengeneza. Maandishi ya 1663 yanaeleza jinsi vipande vilivyookolewa vilivyounganishwa kuwa gombo moja kamili, kisha mengine 12 yakakamilishwa, yote 13. Mmoja wa waliosimamia kurudi kwa jumuiya hiyo alikuwa Zhao Yingcheng, aliyefaulu mtihani wa juu kabisa wa utumishi wa serikali mwaka 1646 na ambaye kwa Kiebrania aliitwa Moshe mwana wa Abramu. Mtu mmoja, majina mawili, na katika majina hayo hakuna la bandia. Ukimweleza huyo vizuri katika makala yako, msomaji atakuwa ameelewa nusu ya jambo lote.

Kuhusu mawe yenyewe: lile la 1489, ambalo maandishi ya 1512 yamechongwa mgongoni mwake, lingali Kaifeng katika makumbusho ya mji, pamoja na la 1679 lililochakaa sana. La 1663 limepotea. Tunalisoma kupitia nakala zilizochukuliwa kwa kubandika karatasi juu ya jiwe na kuipaka wino. Kama si watu wachache waliojali kuchukua nakala hizo, habari za magombo 13 tusingezijua. Msomi wa kwanza wa China ya kisasa kulichambua suala hili kwa kina ni Chen Yuan, aliyechapisha utafiti wake kuhusu dini ya Israeli ya Kaifeng karibu mwaka 1920. Mtaje, kwa sababu wengi huandika kana kwamba Wachina hawakuwahi kujali.

Mkutubi anajibu:

Nashukuru kwa maelezo ya Mwalimu, nami nitashika lile la pili, kwa kuwa hati ndizo nilizozitumikia maisha yangu yote.

Inafaa kusema wazi namna hati hizo zilivyoondoka. Kufikia katikati ya karne ya 19, jumuiya ya Kaifeng ilikuwa imefukarika. Kiongozi wa mwisho aliyeweza kusoma Kiebrania alikuwa amekwisha kufariki, na hakuna aliyekuwa amebaki wa kufundisha. Mwishoni mwa 1850 na tena mwaka 1851, wajumbe wawili Wachina Wakristo, Qiu Tiansheng na Jiang Rongji, walitumwa kwa niaba ya chama kimoja cha wamisionari cha London. Katika safari ya pili walirudi na magombo sita ya Taurati na vitabu vidogo vingi vya sala na vya kisomo. Vililipiwa. Lakini muuzaji alikuwa mwenye njaa asiyeweza kusoma alichokiuza, na mnunuzi alijua thamani yake. Anayeandika neno "vilinunuliwa" peke yake hajasema uongo, ila amemnyima msomaji sehemu kubwa ya ukweli. Mmarekani W. A. P. Martin alipofika mwaka 1866, alikuta uwanja mtupu na jiwe limesimama peke yake.

Magombo hayo yametawanyika katika maktaba za Uingereza na Marekani. Lililoko London liliingia British Museum mwaka 1852, na sasa limo katika British Library. Ni ngozi nene za kondoo 94 zilizounganishwa, na uzi uliozishona ni wa hariri, ambapo desturi ya Kiyahudi mahali pengine ni kushona kwa mshipa wa mnyama. Nawaomba msipite haraka hapo. Mshonaji alikuwa katika nchi ya hariri, akaitumia hariri. Sheria ya Musa kwenye ngozi, hariri ya China kwenye mshono: hakuna maelezo ya mwanahistoria yanayoweza kuisema hali ya watu wale kwa ufupi kuliko gombo lenyewe.

Hata hivyo, ukiniuliza ni hati gani ningeikimbilia kwanza nyumba ikiungua, si gombo. Ni daftari la marehemu. Hati 59 za Kaifeng zimo katika maktaba ya Hebrew Union College, chuo cha Kiyahudi mjini Cincinnati, Marekani, na miongoni mwake kuna kitabu cha kuwaombea wafu, chenye mamia ya majina ya wanaume na wanawake wa koo za Kaifeng, kwa Kiebrania na kwa Kichina. Wanawake wengi wametajwa kuwa ni "binti Adamu". Watafiti wanaeleza kwamba hawa walikuwa wanawake wa Kichina walioolewa katika jumuiya, na kwa kuwa baba zao hawakuwa Waisraeli, waliandikwa kuwa mabinti wa baba wa wanadamu wote. Watu wa nje walibishana kwa karne nyingi kama Wayahudi hawa walikuwa "halisi". Wao wenyewe walikuwa wamekwisha kulijibu swali hilo kwa kalamu, kwa upole mkubwa, pale walipowaingiza wake zao katika orodha ya kukumbukwa na kuombewa. Maelekezo ya sala katika hati nyingine yameandikwa kwa Kiajemi kwa herufi za Kiebrania, nayo yanatuonyesha njia waliyopitia mababu kuliko tarehe zote za kwenye mawe.

Sasa, je, hati zirudishwe? Nafsi yangu inasema ndiyo, na ujuzi wangu unaniuliza zirudishwe kwa nani. Hakuna sinagogi Kaifeng, wala taasisi ya jumuiya inayotambuliwa kisheria ambayo ingeweza kuzipokea. Kwa sasa ningeridhika na jambo dogo lenye manufaa: picha za kidijitali za kila ukurasa, kutoka kila maktaba, zikusanywe mahali pamoja, na maelezo yake yaandikwe kwa Kichina, si kwa Kiingereza tu. Mzao wa ukoo wa Li au Ai aweze kulikuta jina la bibi wa bibi yake bila kulazimika kujifunza lugha ya watu waliokichukua kitabu.

Bibi Nasaba anajibu:

Wanangu, mmeongea vizuri kuhusu mawe na ngozi, lakini Chipukizi aliuliza pia kuhusu watu walio hai, na hapo mmepita kwa kasi.

Wazao wa koo hizo, Zhao, Li, Ai, Gao, Jin, Shi na Zhang, wapo. Wengi wao hawakubaki na Kiebrania wala sala; walibaki na kumbukumbu za nyumbani: kutokula nyama ya nguruwe, neno la babu alilolisema siku moja, "sisi ni Wayahudi", bila kulieleza. Mtaa waliokaa bado unaitwa kwa jina lenye maana ya kufundisha maandiko. Zamani majirani waliwaita "watu wa dini inayotoa mshipa", kutokana na namna walivyosafisha nyama kwa kufuata kisa cha Yakobo alipopigana mweleka na malaika akaguswa mshipa wa paja. Jina la kutaniwa na majirani ni hifadhi pia, na mara nyingine hudumu kuliko maktaba.

Watu hawa wamekaa kati ya sheria mbili ambazo hazikutungwa kwa ajili yao. Serikali ya China inatambua makabila 56, na Wayahudi hawamo. Inatambua dini tano, na dini ya Kiyahudi haimo. Kwa upande mwingine, wao walihesabu ukoo kwa upande wa baba, kama Wachina wote, ilhali sheria ya marabi huhesabu kwa upande wa mama, kiasi kwamba wachache waliohamia Israeli walitakiwa kwanza kuingia dini rasmi, kana kwamba wanatoka nje. Baada ya 2015 hata mikusanyiko midogo ya kusherehekea sikukuu na kujifunza imebanwa. Kwa hiyo anayekwenda kuwahoji awe na adabu na tahadhari. Asichapishe jina wala picha ya mtu aliye hai kwa ajili ya kupamba makala, kwa sababu mwenye kulipa gharama hatakuwa yeye.

Nina onyo moja zaidi. Usiichanganye Kaifeng na miji mingine ya China, Shanghai wala Harbin, jambo ambalo makala nyingi hulifanya. Hao ni Wayahudi wengine waliofika kwa njia nyingine. Wa kutoka Baghdad, kama akina Sassoon, walianza kuja Shanghai kwa biashara tangu miaka ya 1840. Wa kutoka Urusi walifika Harbin na reli iliyoanza kujengwa mwaka 1898, na miaka ya 1920 inasemekana walikaribia 20,000. Kisha, kuanzia 1938, wakimbizi wapatao 18,000 au zaidi kutoka Ujerumani, Austria na kwingineko waliingia Shanghai, baadhi yao kwa viza walizopewa na Ho Feng-Shan, balozi mdogo wa China mjini Vienna. Mwezi Februari 1943 Wajapani waliwaamuru wakimbizi wasio na uraia wakae katika eneo dogo la Hongkou, hapo hapo Shanghai. Historia hii imepata bahati ya kuhifadhiwa: sinagogi la Ohel Moishe, lililokuwa ndani ya eneo hilo, limekuwa makumbusho tangu 2007, lina ukuta wa majina ya maelfu ya wakimbizi, na waliohama kutoka China walianzisha chama chao nchini Israeli mwaka 1951 kilichoendelea kukusanya picha na barua zao. Harbin, masinagogi mawili yamekarabatiwa, moja likawa ukumbi wa muziki, na makaburi yaliyohamishiwa nje ya mji mwaka 1958 bado yanaweza kutembelewa. Makaburi manne ya Wayahudi ya Shanghai, kinyume chake, hayapo tena. Mawe yake yameonekana vijijini, mengine yakitumika kufulia nguo au kuvukia mifereji.

Nauliza: kwa nini Shanghai ina ukuta wa majina na Kaifeng haina? Nadhani ni kwa sababu wa Shanghai walikuwa wageni waliokuja, wakapokewa, wakaondoka. Ni rahisi kwa nchi yoyote kuwakumbuka wageni. Wa Kaifeng hawakuondoka, na kuwakumbuka kunadai kukubali kwamba mtu anaweza kuwa Mchina kamili na bado akawa na asili nyingine.

Chipukizi anaandika tena:

Mwalimu, Ndugu Mkutubi na Bibi, nawashukuru kwa moyo wote. Nilikuwa nimekwisha kuandika sehemu nzima iliyoitwa "Wayahudi wa China", ikianza na Kaifeng na kuishia Shanghai kama hadithi moja, nimeifuta. Naomba kuuliza jambo moja la mwisho. Matteo Ricci, mmisionari Mjesuiti kutoka Italia, anasimulia kwamba mwaka 1605 mtu wa Kaifeng aitwaye Ai Tian alimtembelea Beijing, akaona picha ya Maria pamoja na Yesu na Yohana wakiwa watoto, akadhani ni Rebeka na wanawe Yakobo na Esau. Kila anayeandika habari hizi huanza na kisa hicho. Nami nianze nacho?

Mwalimu Mstaafu anajibu:

Kisa ni cha kweli na ni kizuri, lakini fikiria kinamfanya nani kuwa mwenye nyumba. Ukianza na Ricci, Wayahudi wa Kaifeng wanazaliwa siku Mzungu alipowaona, ilhali Ai Tian alikuwa ameacha sinagogi lililosimama kwa zaidi ya karne nne, akasafiri kwa shughuli zake za utumishi wa serikali, na aliingia nyumba ya Ricci akitazamia kukutana na Waisraeli wenzake. Yeye ndiye aliyekuwa anatafuta. Kiweke kisa hicho katikati ya makala, na ukisimulie kutoka upande wake.

Wajesuiti wasidharauliwe, maana michoro ya Padre Domenge ya mwaka 1721 hadi 1722 ndiyo inayotuonyesha mpangilio wa ua na ukumbi wa sinagogi, na bila michoro hiyo tusingejua lilifananaje. Lakini mlango wa kuingilia uwe daftari alilolitaja Mkutubi. Chukua jina la mmoja wa wale mabinti wa Adamu, uliandike kama lilivyoandikwa, kisha uendelee kutoka hapo.

Mkutubi anajibu:

Nakubaliana na Mwalimu. Ukurasa wa majina ya wanawake unasomeka vizuri, na wino wake haujafifia sana. Ukihitaji msaada wa kuzisoma herufi za Kiebrania, ambazo mwandishi wa Kaifeng alizichora kwa namna ya kalamu ya Kichina na zinaweza kumchanganya asiyezizoea, uliza hapa hapa nami nitakusaidia jina kwa jina.